Uwanja wa Ufukweni: Jinsi Kagera Ilivyopata Njia ya Angani

Mtu wa Nyakasimbi, wilayani Karagwe, akipata safari ya ghafla ya Dar es Salaam, ana hesabu mbili za kupiga. Ya kwanza ni ya basi: kupita Nyakanazi, Kahama, Singida na Dodoma, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na atakapofika atakuwa amekesha kitini. Ya pili ni kushuka Bukoba kupitia Kyaka, zaidi ya kilomita 100 kutoka milima ya Karagwe, na kupanda ndege kwenye uwanja uliobanwa kati ya mji na Ziwa Victoria. Uwanja huo ni mdogo. Njia yake ya kurukia ina urefu wa kilomita moja na nusu tu, na upande mmoja inakaribia kuishia majini. Hata hivyo ndio mlango wa haraka kuliko yote kwa watu wa Karagwe, Kyerwa, Missenyi, Muleba na Bukoba yenyewe.

Mlango huo ulifikaje pale ulipo, na kwa nini umebaki palepale wakati ndege zenyewe zimekua? Jibu limo katika historia ya jinsi mkoa huu ulivyounganishwa na nchi nyingine, ukakatwa, kisha ukaunganishwa tena.

Nchi ya njia ya miguu, 1861–1914

Mwezi Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, walifika kwa Mukama (mfalme) Rumanyika wa Karagwe, katika makao yake ya Bweranyange. Walikuwa wameondoka pwani mwaka uliotangulia. Zaidi ya mwaka mzima wa kutembea, kuugua, kudaiwa hongo na kusubiri wapagazi ulikuwa umepita. Lakini hawakuwa wageni wa kwanza kutoka pwani. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na Bweranyange, wakinunua pembe za ndovu na kuuza nguo na shanga. Siku hizo Karagwe ndiyo iliyokuwa njia kuu ya kwenda Buganda, na ufukwe wa ziwa ulikuwa pembeni.

Mambo yaligeuka mwisho wa mwaka 1890, Emin Pasha alipoanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba. Alichagua ufukwe kwa sababu alitazama maji kama barabara, na miaka kumi baadaye reli ya Waingereza ikampa haki. Reli hiyo kutoka Mombasa ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwezi Desemba 1901. Meli za mvuke zilianza kuzunguka ziwa zima, zikipakia ngozi na kahawa ya Bukoba na kuzipeleka Kisumu kwa ajili ya kupanda treni. Koloni la Mjerumani likawa linauza mazao yake kupitia bandari ya Mwingereza.

Matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko biashara yenyewe. Karagwe, iliyokuwa lango, ikawa bara ya ndani. Bukoba, iliyokuwa ufukwe mtupu, ikawa mji wa boma, misheni na maduka. Kila kilichokuja baadaye, yaani gati, hospitali, benki na hatimaye uwanja wa ndege, kilifuata mkondo huo wa kuelekea majini.

Mlingoti wa redio na ndege za kwanza, 1915–1931

Vita Kuu ya Kwanza iliipiga Bukoba kupitia ziwani. Tarehe 22 na 23 Juni 1915 majeshi ya Uingereza yaliyosafirishwa kwa meli kutoka Kisumu yalishuka karibu na mji, yakapigana na Wajerumani na kuutwaa kwa muda mfupi. Shabaha yao kubwa ilikuwa kituo cha redio, ambacho mlingoti wake mrefu uliwawezesha Wajerumani kuwasiliana kutoka pembe hii ya mbali. Mlingoti uliangushwa na mji ukaporwa, kisha Waingereza wakapanda meli zao wakaondoka. Hapo ilionekana wazi kwamba mkoa ulio mbali na makao makuu huishi kwa chombo kimoja au viwili vya mawasiliano, na adui akivikata, umetengwa.

Mwaka uliofuata, 1916, Wabelgiji walitumia ndege za kutua majini kuishambulia Kigoma kutoka upande wa pili wa Ziwa Tanganyika. Kwa mara ya kwanza maziwa makuu yalionyesha kwamba ndege haina lazima ya uwanja, mradi kuna maji.

Vita ilipokwisha, Waingereza walianza kupanga njia ya anga kutoka Cairo hadi Cape Town. Mwaka 1919 vikundi vya wapimaji vilitumwa kusafisha viwanja njia nzima. Kazi ilikuwa ya jembe na mabega ya watu. Huko Ndola, katika Zambia ya leo, vibarua wapatao 700 walifanya kazi tangu Aprili hadi Agosti wakibomoa vichuguu na kusomba udongo wake. Februari 1920 ndege ya kwanza kubwa iliyotumwa kwa niaba ya gazeti la The Times ilifika Tabora, ikaanguka wakati wa kuruka, na safari yake ikaishia hapo. Hewa ya nyanda za juu, ambayo ni nyepesi na yenye joto, ilikuwa imeinyima injini nguvu na mabawa mshiko. Kanuni hiyo ya Tabora ingekuja kuihusu Bukoba pia.

Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilifungua safari ya barua kutoka London hadi Mwanza, mara moja kwa wiki. Kuanzia Khartoum kuja kusini, ndege zake zilikuwa za kutua majini. Zilipita Port Bell nchini Uganda, Kisumu na mwisho Mwanza. Barua iliyokuwa ikichukua wiki kadhaa kwa meli na treni sasa ilifika kwa siku kumi hivi. Lakini njia hiyo ilikumbatia ufukwe wa mashariki. Bukoba, iliyo ufukwe wa magharibi, ilizisubiri barua hizo zivushwe kwa meli. Teknolojia mpya ilikuwa imefika ziwani, ila upande ule ule ambao reli ilikuwa imefika kabla yake.

Uwanja karibu na boma, 1931–1961

Ndege iliyoufaa mji kama Bukoba ilikuwa ndogo, yenye injini moja au mbili, inayobeba watu wachache, mafurushi ya barua na dawa. Kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, iliionyesha Afrika Mashariki kwamba ndege za aina hiyo zinaweza kufanya kazi kwa ratiba. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, ndege zake zilichukuliwa na jeshi na kampuni ikafa. Baada ya vita, tarehe 1 Januari 1946, serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ziliunda East African Airways. Ilianza na ndege za de Havilland zenye mabawa ya ghorofa mbili na nafasi za abiria wasiozidi kumi, baadaye zikaja DC-3. Miji ya ziwani ikaunganishwa, na Bukoba ikawamo kati ya Mwanza na Entebbe.

Ukisimama Bukoba na kuitazama ardhi, utaelewa kwa nini uwanja uliwekwa pale. Mji umekaa kwenye sakafu finyu. Nyuma yake kuna miinuko na majabali yanayopanda kuelekea nyanda za migomba, na mbele yake ni ziwa. Tambarare ya kutosha kukimbizia ndege ipo ufukweni tu. Kwa rubani wa ndege ya abiria wanane, pale palikuwa pazuri. Upande wa ziwa hakuna mti wala mlima wa kukwepa, na akishatua, boma, hospitali na hoteli viko umbali wa kutembea kwa miguu.

Ila mahali hapo palikuja na masharti mawili ambayo hayajabadilika mpaka leo.

Sharti la kwanza ni mwinuko. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari, na uwanja uko juu kidogo ya hapo. Kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi, kwa hiyo ndege huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kupaa kuliko ambavyo ingehitaji Tanga au Dar es Salaam. Njia fupi ikiwa juu namna hiyo huwa fupi zaidi kuliko vipimo vyake vinavyoonyesha.

Sharti la pili ni mvua. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko ziwa, na upepo hutoka pande zote za ufukwe kwenda katikati ya maji. Hewa hiyo hukutana, hupanda juu na kuzaa mawingu ya radi. Alfajiri pepo zitokazo mashariki huyasukuma mawingu hayo kuelekea Bukoba. Ndiyo maana mji huu hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, maradufu ya sehemu nyingi za nchi, na ndiyo maana nyingi ya mvua hizo huja asubuhi. Mkulima wa Karagwe hulijua jambo hili kwa macho: anaweza kuanika kahawa yake juani wakati jamaa yake wa Bukoba bado anasubiri mvua ikatike. Kwa rubani, saa hiyo ya mvua ndiyo ambayo ndege za asubuhi hufika.

Wakati huohuo Nairobi ilichukua njia tofauti. Uwanja uliojengwa kwa ajili ya ndege ndogo, ambao mwaka 1962 ulipewa jina la Wilson, ulizungukwa na karakana, shule za marubani na klabu ya wanaanga. Mwaka 1957 madaktari Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees walianzisha huduma ya madaktari warukao ambayo leo ni AMREF, na baadaye ikaweka makao yake hapohapo Wilson. Kutoka kule daktari wa upasuaji aliweza kufika hospitali ya misheni iliyo mbali na barabara, akapasua wagonjwa na kurudi. Bukoba haikupata karakana wala shule. Ilipata mahali pa kutua tu. Tofauti hiyo ilieleza mengi ya baadaye, kwa sababu uwanja wenye mafundi na marubani wake hukuza watu wa kuusemea, na uwanja wa kupita tu hubaki ukisubiri uamuzi kutoka mbali.

Kufungwa kwa kaskazini, 1961–1979

Katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, Mkoa wa Ziwa Magharibi, kama ulivyoitwa, uliendelea kutazama kaskazini. Sabuni, nguo na vipuri vilitoka Kampala. Wanafunzi waliojaliwa walisoma Makerere. East African Airways ilikuwa mali ya nchi tatu, na kwa msafiri wa Bukoba, Entebbe ilikuwa jirani kuliko Dar es Salaam.

Mapinduzi ya Idi Amin nchini Uganda, Januari 1971, yalianza kuufunga mlango huo. Miaka sita baadaye, mwanzoni mwa 1977, East African Airways ilisambaratika kwa ugomvi wa fedha, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa mwaka huohuo. Tanzania iliunda Shirika la Ndege Tanzania, ATC, mwezi Machi 1977. Ratiba mpya ilipangwa kutoka Dar es Salaam. Bukoba ikageuka kutoka kituo cha katikati, kati ya Mwanza na Entebbe, ikawa mwisho wa njia.

Kisha ikaja vita. Tarehe 18 Oktoba 1978 ndege za kivita za Uganda ziliingia anga ya Tanzania na kudondosha mabomu Bukoba. Madhara hayakuwa makubwa, lakini vishindo vilivunja vioo na kuwatia watu hofu kubwa. Mwisho wa mwezi huo majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kulikalia eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera. Mapema Novemba daraja la Kyaka, njia ya magari kuelekea kaskazini, lililipuliwa. Kwa watu wa Karagwe siku hizo zilikuwa za kukatwa: Uganda ilikuwa adui, daraja limeanguka, na barabara ya kusini ilikuwa ya vumbi au tope kutegemea msimu.

Vita ilidhihirisha umuhimu wa anga na pia udogo wa uwanja wetu. Mwanza, wenye njia ndefu na ulio mbali na mpaka, ndio uliobeba kazi kubwa ya kijeshi. Bukoba ulikuwa jirani mno na adui kwa ndege ya kivita. Kampala ilipotwaliwa Aprili 1979, mkoa uliachiwa kazi ya kuzika wafu wake, kurudisha wakimbizi wa ndani na kujenga upya. Ulikuja kuitwa Kagera, kwa jina la mto uliovukwa. Biashara ya kaskazini haikurudi kama zamani, na tangu hapo macho yote yakaelekea Mwanza.

Miaka ya changarawe na msiba wa ziwani, 1980–1996

Miaka ya themanini nchi haikuwa na fedha za kigeni za kununulia vipuri. Ndege za ATC zilizofaa viwanja vifupi, hasa Twin Otter, zilikuwa chache, na safari ziliahirishwa mara kwa mara. Uwanja wa Bukoba ulikuwa wa changarawe. Mvua ikinyesha sana, njia hulainika, madimbwi hujitokeza, na safari hufutwa. Kwa hiyo watu wengi walipanda meli.

Njia ya meli kati ya Bukoba na Mwanza ilikuwa uti wa mgongo wa mkoa. Abiria walipanda jioni na mikungu ya ndizi, magunia ya maharage na kuku, wakaamka upande wa pili. Alfajiri ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyojengwa kwa abiria 430 na iliyopakia wengi zaidi ya hao, ilipinduka ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza. Mamia ya watu walikufa. Taifa liliomboleza, na Kagera haikuwa na kijiji ambacho hakikuguswa. Wapo waliozikwa pamoja Igoma, Mwanza, kwa sababu hawakutambulika.

Msiba ule ulibadilisha mawazo ya watu kuhusu safari. Kabla yake, ndege ilikuwa ya wakubwa na wenye fedha. Baada yake, familia zilianza kuchangishana ili mgonjwa, mwanafunzi au mzee asipite majini. Wakati huohuo sera ya nchi ilikuwa imeruhusu mashirika binafsi. Precision Air ilianzishwa mwaka 1993, na baadaye Auric Air ya Mwanza ikaanza kupeleka ndege ndogo katika miji ya Kanda ya Ziwa.

Jambo jingine lilikuwa limetokea magharibi ya mkoa. Mwisho wa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja tu na kujaa Benaco, wilayani Ngara. Wengine waliingia Karagwe, wakakaa katika kambi kama Kagenyi na Rubwera. Mashirika ya misaada yalihitaji kufikisha watu na dawa haraka, na ndege ndogo zikawa kawaida katika anga ambayo zamani ilikuwa kimya. Wakimbizi wengi walirudishwa kwao Desemba 1996, na ndege zikaondoka nao. Viwanja vya dharura hujengwa kwa wiki chache fedha zikiwapo, na vikikosa mwenyewe, nyasi huvirudia.

Lami, 1997–2017

Kusafiri kwa ndege ndogo kulikuwa na utaratibu wake. Kwenye ndege ya Cessna Caravan, yenye abiria kumi na wawili hivi, uzito ni jambo la usalama. Mizigo hupimwa kwa makini, na abiria naye anaweza kuombwa kupanda kwenye mzani. Aliyekuja na mkungu wa ndizi, debe la asali na kifurushi cha senene kwa ajili ya watoto walioko Dar es Salaam hulazimika kuchagua. Mara nyingi senene ndio hubaki mkononi, kwa kuwa ni wepesi na thamani yake ni kubwa, na mkungu hurudishwa nyumbani na aliyemsindikiza. Kila kilo iliyoachwa pale ilikuwa sehemu ya hesabu ya rubani kwenye njia fupi iliyo juu ya mwinuko.

Mwaka 1999 serikali iliunda Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania, TAA, na Bukoba ukawa chini yake. Hatua kubwa ilikuja baadaye, pale viwanja vya Bukoba, Kigoma na Tabora vilipoingizwa katika mpango mmoja wa ukarabati kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Njia ya changarawe iliwekwa lami na jengo jipya la abiria likajengwa. Uwanja haukuhamishwa. Kuhamisha kungetaka ardhi mpya, fidia na miaka mingi, na watu walihitaji ndege sasa. Uamuzi huo ulieleweka, na ndio uliofanywa na kila kizazi kabla yake: kuongeza juu ya kile kilichorithiwa.

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliitikisa Kagera, likaua watu 17 na kubomoa nyumba na shule nyingi. Mwezi huohuo ndege mbili mpya za Bombardier Q400 za serikali ziliwasili nchini, na Air Tanzania ikafufua safari zake, Bukoba ikiwamo. Novemba 2017 Rais John Magufuli aliuzindua uwanja uliokarabatiwa, na katika ziara hiyohiyo akazindua barabara ya lami ya Kyaka hadi Bugene, kilomita 59. Kwa Karagwe mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja. Safari ya kwenda uwanjani, iliyokuwa ya kulala Bukoba ili kuwahi ndege ya asubuhi, sasa iliwezekana kuanza na kumalizika siku hiyohiyo. Kahawa bado iliteremka kwa malori, lakini wafanyabiashara wake, madaktari na wanafunzi wakaanza kupita juu.

Asubuhi ya 6 Novemba 2022

Novemba ni mwezi wa mvua na mwezi wa senene. Jumapili ya tarehe 6 ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, safari namba PW 494, iliondoka Dar es Salaam alfajiri ikiwa na abiria 39 na wahudumu wanne, wakiwamo marubani wawili. Ilipofika juu ya Bukoba ilikuta mvua ya radi. Karibu saa tatu asubuhi, ikitafuta njia ya kurukia kwa upande wa maji, ilitumbukia ziwani umbali mfupi kutoka ufukweni.

Walioifikia kwanza walikuwa wavuvi. Mmoja wao, kijana wa miaka 20 aitwaye Majaliwa Jackson, alipiga kasia na wenzake hadi kwenye ndege iliyokuwa ikizama kwa pua. Watu waliokuwa nyuma walitoka kupitia mlango wa mkiani na kupandishwa kwenye mitumbwi. Majaliwa alizamia kuelekea chumba cha marubani, akajaribu kwa kamba kuufungua mlango wa dharura. Kamba ilikatika na kumpiga usoni, akapoteza fahamu, akazindukia hospitalini. Ufukweni mamia ya watu waliingia majini kufikia kifuani, wakashika kamba na kuivuta ndege kwa mikono. Watu 24 walipona. Watu 19 walikufa, wakiwamo marubani wote wawili.

Kesho yake miili iliagwa katika uwanja wa Kaitaba, mbele ya Waziri Mkuu Kassim Majaliwa na umati wa watu. Kijana Majaliwa alitambuliwa na taifa na kupewa nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Alistahili. Lakini heshima aliyopewa ilibeba swali zito ndani yake: kwa nini uwanja unaopakana na ziwa, ambao ndege zake hupita juu ya maji kila zinapotua kwa upande huo, ulitegemea kasia la mvuvi? Boti za mwendo kasi, wazamiaji wenye mitungi ya hewa na vifaa vya kukata bati la ndege vilipaswa kuwa hapo ufukweni. Wala uwanja haukuwa na mitambo ya kumwongoza rubani kushuka ndani ya mawingu. Alitegemea kuiona njia kwa macho, katika mji ambao asubuhi zake nyingi ni za mvua.

Kwa maneno mengine, masharti mawili ya ufukwe yalikuwa yakijulikana tangu zama za ndege za abiria wanane. Kilichobadilika ni ukubwa wa ndege na wingi wa watu ndani yake. Lami ilikuwa imeongezwa. Hadhari haikuongezwa kwa kiwango hichohicho.

Mahali pa kesho

Tangu ajali hiyo, mjadala wa zamani umerudi kwa nguvu. Omukajunguti, katika wilaya ya Missenyi, umetajwa kwa miaka mingi kuwa mahali pa kujenga uwanja mkubwa wa mkoa, mbali na majabali na ufukwe. Kusini mwa ziwa, Chato ulijengewa njia ya kilomita tatu, mara mbili ya ile ya Bukoba, ingawa msafiri wa Kyerwa atatumia sehemu kubwa ya siku kuufikia kwa gari. Wapo wanaosema Bukoba ufungwe, na wapo wanaosema ubaki kwa ndege ndogo, kama ulivyoanza.

Historia hii inanielekeza kwa hao wa pili, kwa sharti moja. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Kagera, haja ya wataalamu kufika mkoani kwa saa badala ya siku ilionekana tena, kama ilivyoonekana wakati wa tetemeko na wakati wa wakimbizi. Mkoa unaopakana na nchi tatu kwa nchi kavu na wenye ziwa upande wa mashariki hauwezi kukosa uwanja ulio karibu na hospitali yake ya rufaa. Uwanja mdogo una kazi ambayo uwanja mkubwa hauifanyi: kumpokea daktari, kumtoa mgonjwa wa Nyakahanga au Isingiro aliyeshindikana, kuleta damu na chanjo.

Sharti lenyewe ni kwamba tuache kuuhesabu uwanja kwa urefu wa lami yake. Reli ilipofika Kisumu, tulipata soko na tukasahau barabara zetu. ATC ilipokuja, tulipata ratiba na tukakosa mafundi. Lami ilipowekwa, tulipata ndege kubwa na tukakosa boti ya uokoaji. Kila mara tulipokea sehemu ya kitu na kukiita kizima. Bukoba sasa unahitaji ile sehemu iliyobaki: vipimo vya hali ya hewa vinavyomwambia rubani ukweli kabla hajaanza kushuka, kikosi cha majini kinachofanya mazoezi na wavuvi wa mtaa jirani wa Nyamkazi kwa kuwa ndio walioko karibu siku zote, na ndege zinazolingana na urefu wa njia na mwinuko wake. Uwanja mkubwa wa Omukajunguti ukijengwa, ujengwe na hayo yote tangu siku ya kwanza. Watu 19 waliokufa karibu na ufukwe wanatudai hilo, na deni lao halilipwi kwa kuzindua jengo jingine.